Niling'oa Vibandiko vya Ubao wa Simu

Kosa ni langu, na nililifanya kwa makusudi, huku nikijiona mjanja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa opereta wa simu hapa Babati. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa ni kwa foleni. Lakini mimi nilikuwepo! Kila aliyetaka kumpigia mtu alipitia kwangu.

Kwa asiyejua, mbele yangu kulikuwa na ubao wenye matundu, na kila tundu lilikwenda kwenye simu moja. Watu waliomba "hospitali" kana kwamba ni tundu moja. Yalikuwa matatu: ofisi ya daktari, stoo, na gereji alikokaa dereva wa gari la wagonjwa. Nyumba moja, milango mitatu. Ukichomeka waya pasipo penyewe, kengele inalia vizuri kabisa, ila kwa mtu asiyehusika.

Chini ya kila tundu palikuwa na kibandiko chenye jina. Siku moja nikasikia kwamba mhudumu wetu, Mama Rehema, atafundishwa kazi yangu ili tupokezane. Mfagiaji, akalie kiti changu! Jioni ile nikavibandua vyote, nikasema vimechakaa, nitaandika vipya. Sikuandika. Wengine walificha sukari uvunguni, mimi nikaficha matundu kichwani. Wao waliitwa walanguzi. Mimi niliitwa mtaalamu.

Mama Rehema aliniomba mara nyingi nimwelekeze. Nilimjibu kwamba kazi hii inataka akili. Alicheka kwa adabu, akaendelea kufagia.

Asubuhi moja tukasikia sabuni imefika dukani Bagara. Nikamwachia Mama Rehema kiti, nikakimbilia foleni. Huku nyuma muuguzi wa zahanati ya kijijini akapiga: kuna mjamzito anavuja damu, gari lije haraka. Mama Rehema, peke yake ofisini, akachomeka tundu moja, akapata mashine ya kusaga. Jingine, akampata mwenye duka. Jingine, stoo ya hospitali, ikalia bila mtu. Niliporudi na sabuni zangu nilimkuta bado anajaribu matundu, waya mkononi.

"Kaka, gereji ni lipi?"

Nikachomeka bila hata kukaa. Dereva akaitika papo hapo.

Yule mjamzito alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Muuguzi alisema gari lilichelewa.

Na ofisini? Mkuu wetu alinisifu mbele ya wote kwa wepesi wangu! Mama Rehema alifukuzwa kwa uzembe. Nikainamisha kichwa, mnyenyekevu kweli. Wiki hiyohiyo baba wa yule mtoto akaja na jogoo.

"Ndugu, bila wewe ningezika wawili," alisema.

Nilimpokea jogoo. Tena nilimla.

Mama Rehema aliishia kuuza mboga Nangara. Kila tulipokutana aliniita kaka, akanijulia hali ya watoto. Amefariki bila kusikia ungamo hili kutoka kwangu.

Juzi binti yangu anayesomea kompyuta alinieleza kwamba hata huko mashine moja ina milango mingi yenye namba, na ujumbe ukigonga mlango usio wake haumfikii mhusika. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilitoka nje.

Wewe unayejivunia kwamba ofisi haiendi bila wewe, bandika majina leo. Mfundishe anayefagia. Ukikataa, usiwe na wasiwasi, hakuna atakayekugundua. Mimi hadi leo hakuna aliyenigundua, na ndicho kinachoninyima usingizi.