Upo? Nipo, Mama

Jana mjukuu wangu kabonyeza simu mara moja tu, akampata mamake Maskati. Nikacheka. Mimi, mwenzangu, mama yangu nilimpata kwa kunyanyua mkonga wa simu dukani kwa jirani yetu, pale mtaani kwetu Ng'ambo. "Nambari ngapi, tafadhali?" Ndiye yeye.

Baada ya Mapinduzi mama, mjane mwenye watoto watatu, aliajiriwa nyumba ya simu kule Mjini, kuwaunganisha watu. Loo, maneno ya mtaani! Ati mwanamke gani huyo, kutwa anasema na wanaume asiowajua. Bibi, mamake, naye akiguna huku mbuzi ya nazi ikikwaruza. Mimi na miaka yangu kumi na tatu nikawa nachuja tui, nateleka wali, naogesha wadogo zangu, kisha ndiyo skuli ya mchana. Nilikuwa najiona mkubwa, tena nikijidai.

Magoti ya Bibi yakazidi kumuuma. Siku moja akakata shauri: "Skuli basi. Mamako hataki kukaa jikoni, utakaa wewe."

Nilitoka mbio, machicha mikononi, mpaka dukani. Muuza duka akanisogezea simu bila ya kuuliza.

"Nambari ngapi, tafadhali?"

Nikaangua kilio.

"Mwanangu? Kuna nini?"

"Bibi ananitoa skuli!"

"Ngoja hapo hapo. Usikate."

Nikamsikia akiwajibu watu, sauti imenyooka, kama si yeye. Baina ya mmoja na mwingine hurudi kwangu, taratibu: "Upo?"

"Nipo, mama."

Mpaka kilio kikaniisha.

Jioni mama aliporudi, hata buibui hakuvua. Akamwambia Bibi, "Mama, jikoni ntaingia mimi kabla ya alfajiri. Kazi siachi, na mtoto skuli haachi." Bibi akaguna, akaendelea kupepeta mchele. Lakini kuanzia kesho yake, nikiwa bado kitandani, nilisikia mbuzi ikikwaruza gizani na watu wawili wakinong'ona. Mchana tulikula wali uliopoa, na wallahi sijapata kula mtamu kama ule.

Skuli nilimaliza. Bibi katangulia, mama naye kamfuata. Nyumba ya simu siku hizi sijui wanaweka nini. Simu yangu hii hapa, inafika dunia nzima kwa kidole kimoja. Wakati mwengine naiweka sikioni tu, bila ya kubonyeza kitu.

Nipo, mama.