Ufunguo Niliosema Uko Durban

Kosa ni langu, naanza na hilo ili msije mkanihurumia kabla ya wakati. Jina langu liacheni. Wa mtaa wetu wa Hillbrow mtanijua tu mkisoma, na mkinijua, nisemeni, nimeshazoea.

Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, nipo Johannesburg mwaka wa kumi na tisa sasa. Napika wali na maharage, nauza mchana kwa vibarua na vinyozi. Lakini watu hawanijui kwa wali. Wananijua kwa kabati.

Chumbani kwangu kuna kabati la chuma lenye kufuli nene. Humo mna pasipoti za Watanzania wa ghorofa letu na la jirani. Hapa vyumba vinavunjwa, watu wanalala wanane wanane, asubuhi begi halipo. Ukipoteza pasipoti umekwisha. Basi wakaanza kuniletea mimi, mmoja, wawili, mwisho ikawa ndiyo desturi. Na desturi ina sharti lake: nikisafiri mbali, ufunguo unabaki kwa Bi Saumu, tunayekaa naye nyumba moja.

Sasa Bi Saumu na mimi tulikuwa tumenuniana tangu Idi. Alisema mbele za watu kwamba pilau yangu imekuwa bokoboko. Pilau, jamani! Mtu mzima nikaweka kinyongo kwa pilau.

Katikati ya kununiana huko, binti yangu Zuhura akashinda bahati nasibu ya ofisini kwao. Safari ya watu wawili, siku nne, kwenda kutembea Prague. Ni mji mkuu huko Ulaya, mji wa kale, majumba ya wafalme na madaraja ya mawe. Akasema, "Mama, tunakwenda mimi na wewe." Zuhura amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Hilo nililielewa bila mkalimani!

Viza ikatoka, nikaanza kuogopa midomo. Nikisema nakwenda Ulaya, watasema nimepata wapi. Wataniagiza vitu. Watanifanyia kijicho. Na zaidi ya yote, itanibidi nimpe Bi Saumu ufunguo, aupokee mkononi mwangu akinicheka. Ng'o! Nikawaambia wote nakwenda Durban, siku mbili tatu, kumwangalia mgonjwa. Durban si mbali, hakuna anayeacha ufunguo kwa safari ya Durban.

Nikauvaa shingoni, ndani ya gauni, nikapanda nao ndege.

Siwezi kusema mji haukuwa mzuri. Kuna uwanja wenye saa kubwa ya kale ukutani. Kila saa inapotimia madirisha yanafunguka juu, visanamu vinapita, na pembeni pana sanamu ya mifupa mitupu inavuta kengele. Watu wanajaa chini, wameinua simu. Na mimi nilikuwa nimeinua yangu, Alhamisi, saa tano kamili asubuhi, ilipoita mkononi.

Alikuwa Rajabu.

Rajabu ni kinyozi, mtu wa makamo, kwao na kwetu Tanga ni mtaa mmoja. Ananiita dada na mimi namwita mdogo wangu. Alikuwa hajaenda nyumbani miaka tisa kwa sababu ya karatasi za kibali cha kuishi hapa, na karatasi zilikuwa zimetoka mwezi ule ule.

"Dada, bi mkubwa amezidiwa," akasema, yaani mama yake. "Wamenipigia sasa hivi. Ananitaja mimi tu, anasema Rajabu yuko wapi. Kaka ameshanikatia tiketi, ndege ya kesho asubuhi. Nataka pasipoti."

Nikagusa ufunguo kifuani.

"Nivunje kufuli?" akauliza. "Bi Saumu yupo hapa, anasema mpaka wewe uruhusu."

Hapo, wasomaji wangu, hapo ndipo. Ningesema neno moja tu, vunja! Lakini angeuliza kwa nini nisirudi na ufunguo, nami ningesema nini? Na Bi Saumu alikuwa pale pale anasikiliza. Nikasema, "Usivunje, mna pasipoti za watu. Nitakutumia ufunguo kwa dereva wa basi. Utafika jioni."

Mnajua sisi tunavyotuma vitu. Dawa, samaki, barua, kila kitu anapewa dereva, mwenzio anapokea stesheni. Rajabu akashusha pumzi. Akasema, "Mungu akuweke, dada."

Mungu akuweke! Mimi, niliyekuwa nimesimama chini ya ile saa, huku Zuhura ananipiga picha.

Nilidhani nini? Hata sijui. Nilidhani nitabadilisha tiketi. Tukaenda kuuliza, wakasema ndege ya karibu ni ile ile yetu ya Jumapili. Zuhura akaniangalia, akasema kwa Kiingereza chake, "Mama, mwambie avunje. Basi." Nikamwambia hajui watu wetu. Akasema, "Eish, Mama." Alikuwa anawajua kuliko mimi.

Jioni Rajabu akapiga kutoka stesheni. Basi la Durban limeingia, dereva hana kitu. Nikasema labda ni basi la nyuma yake. Akasubiri la nyuma yake. Nikasema basi limeharibika njiani, litafika alfajiri. Uongo ulikuwa unatoka wenyewe sasa, wala sikuhitaji kuutafuta. Saa za kule na za Johannesburg zilikuwa sawa sawa, kwa hiyo kila ile kengele ikilia nilijua kwake pia ni saa ile ile, na amesimama.

Ndege ya Ijumaa asubuhi ikaondoka, Rajabu yuko stesheni.

Siku hiyo tulikuwa tumepangiwa kupanda kwenye ngome ya wafalme. Nikapanda, miguu inakwenda tu. Mwongozaji anaeleza mfalme huyu, mfalme yule, mimi nimeshika simu kwa mikono miwili. Ilipoita nilitaka kuitupa.

"Dada, nimempata!" Rajabu alikuwa anapiga kelele, nyuma kuna makelele ya watu. "Nimempata huyu dereva, ameuficha ufunguo! Anakataa kabisa. Askari wa stesheni wapo hapa. Ongea naye, mwambie wewe mwenyewe ulimkabidhi!"

Kabla sijafungua mdomo, simu ikapewa mtu mwingine. Sauti ya mzee. Aliongea Kizulu polepole, kama unavyoongea na mtu unayemheshimu.

"Mama," akasema, "tafadhali mwambie huyu ndugu. Sijapewa ufunguo. Mimi naendesha basi hili miaka mingi, sijawahi kula kitu cha mtu. Tafadhali, mama."

Akanisubiri. Mzee wa watu, hajanikosea chochote, ananiomba mimi nimwokoe na uongo wangu mwenyewe.

Nikasema, "Baba, mrudishie simu."

"Eeh dada?"

"Rajabu, mwachie huyo baba. Siko Durban."

"Uko wapi?"

"Niko Ulaya. Ufunguo ninao mimi shingoni. Tangu jana ninao."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane! Nilisikia mabasi, nikasikia mtu akiuza maji kwa sauti. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo nivunje?"

"Vunja, mdogo wangu. Vunja."

Alikwenda na fundi wa mageti mwenye mashine ya kukatia chuma. Bi Saumu aliniambia baadaye kwamba haikuchukua hata dakika kumi, na kwamba yeye mwenyewe alikaa mlangoni kulinda pasipoti za watu mpaka likanunuliwa kufuli jingine. Dakika kumi!

Akapata ndege ya Jumamosi. Mama yake akafariki Jumamosi hiyo hiyo alfajiri. Kwetu maiti hailali, akazikwa baada ya adhuhuri. Rajabu alikuwa barabarani, ametoka Dar, hajafika hata Segera, njia panda ya kuingilia Tanga. Amefika nyumbani watu wanatandua mikeka. Kaka yake anasema Ijumaa kutwa mpaka usiku mama alikuwa na akili zake, anauliza tu, "Ameshafika?"

Ijumaa mpaka usiku. Angelikuwa naye.

Mimi nilirudi Jumapili. Walikuja mmoja mmoja kuchukua pasipoti zao, kwa adabu, "Samahani dada, naomba yangu." Hakuna aliyenisema. Sasa zote anazo Bi Saumu. Kabati liko tupu na bado nalifunga, sijui nafunga nini.

Zile picha za Prague Zuhura amezitoa, ameziweka mezani. Ninacheka katika moja. Nimetazama ile saa ya ukutani, ni saa tano.

Rajabu aliporudi alikuja kwangu. Nilianguka miguuni kwake, akaninyanyua. Nikalia, nikasema nifanye nini, niambie, chochote. Akasema, "Yule dereva, dada. Nilimwita mwizi mbele ya abiria wake. Nilimshika kola. Mzee kama baba yangu. Twende tukamwombe radhi."

Hicho tu ndicho alichoniomba.

Wewe unayesoma, labda umeshikilia kitu cha mwenzio, ufunguo, karatasi, hata namba ya simu ya kwao. Nakuomba, sema kweli uko wapi. Watu wakuonee kijicho, wakucheke, waseme pilau yako bokoboko, ni maneno tu hayo. Na ukiwa umeshadanganya, usiongeze la pili. Kata hapo hapo, hata kama aibu itakuua. Haiui. Mimi nipo.

Tumekwenda stesheni Ijumaa tatu. Wenzake wanasema amehamishwa njia, wengine wanasema ameacha kazi, hawajui. Ijumaa hii tunakwenda tena. Rajabu ndiye anayeikumbuka sura yake. Mimi namjua kwa sauti tu, na hiyo ninaisikia kila siku.