Bustani Iliyomzunguka Cucu Nelius

Cucu Nelius, yaani bibi, kama wateja na wajukuu wanavyomwita, ameuza nduma, yale magimbi ya kuchemsha, kwenye uwanja wa Karurumo miaka ishirini na miwili bila kujua kwamba anakalia "mandhari". Neno hilo lililetwa na Mwaniki, afisa mipango, pamoja na ramani yenye rangi nyingi kuliko kitenge. Humo mlikuwa na mabenchi, njia ya mawe na watu wembamba wakitembeza mbwa. Nduma hakuna. Nani Karurumo anatembeza mbwa, Mungu wangu?

"Cucu, utahamia nyuma ya kichinjio," Mwaniki alisema. "Na mlisaini kwa mkutano."

"Tulisaini ya kupewa soda," alijibu Nelius.

Alijibu kijeuri, lakini hasara inayomngoja aliijua. Nyuma ya kichinjio hapapiti mteja, hupita nzi tu.

Siku ya kupanda maua aliwahi mapema, akakaa juu ya gunia lake, akagoma kuinuka. Vibarua waliogopa kumgusa mama wa rika la mama zao. Mwaniki naye alikuwa mbioni, mkubwa wake anakuja kukagua saa nane.

"Pandeni mkimzunguka," aliamuru, simu sikioni. "Akichoka ataenda, mtajaza hapo kati."

Hakuangalia ni maua gani. Mchoraji wa ile ramani, mtu wa Nairobi, alikuwa ameagiza maua ya matoka, kwa kuwa ni ya kienyeji na hayasumbui kwa maji. Hakujua kwamba huku itoka halipandwi kwa urembo. Hupandwa kuonyesha mpaka wa shamba, na anayeling'oa anajitafutia laana. Muturi, mkubwa wa vibarua, alijua vizuri sana. Akapanda kimya kimya pande zote nne, akifuata kamba.

Nelius alitazama kulia, akatazama kushoto, akacheka mpaka leso ikamdondoka. "Mmenipimia shamba! Mungu awabariki."

Mwaniki akageuka, akaduwaa. "Ng'oeni!"

Muturi akaweka jembe chini. "Bosi, mimi niko na watoto."

Mwingine akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Mara migongo yote ikauma.

Ikabidi Mwaniki akunje mikono ya shati alichukue jembe mwenyewe. Ana digrii mbili, lakini ni mtoto wa Runyenjes, hapo jirani, na shamba la baba yake limezungushiwa matoka vilevile. Aliliinua jembe, akamwona Nelius akimtazama bila kupepesa, akabaki hivyo, jembe hewani, gari la mkubwa wake likikata kona.

Akalishusha polepole, akajifuta jasho.

"Cucu," alisema kwa sauti ndogo, "hizi nduma ni pesa ngapi?"