Shati la Tamthilia

Kwenye tamthilia ile hakukuwa na joto. Watu walivaa makoti hadi mezani, wakanywa chai kwenye bilauri ndogo huku theluji ikianguka nje ya dirisha, na walizungumza Kiswahili safi ambacho midomo yao haikukijua. Sisi, huku kwetu Kiseke, tulikuwa tumefungua madirisha yote, upepo wa ziwa unaingia na kutoka, baba kalala kwenye kochi na mto chini ya miguu, mama anachambua dagaa, nami nimekaa sakafuni naangalia nguo tu. Hadithi sikuifuata sana. Nani kamwoa nani, nani kaficha mtoto wa nani, hayo niliwaachia wazazi wangu.

Yule mwanamke wa kwenye tamthilia alipenda mashati ya kiume. Makubwa, mabega yameshuka, anayafunga kiunoni kwa kitambaa, chini sketi ndefu. Siku moja akavaa moja limegeuzwa, vifungo mgongoni, mbele pametulia hapana hata mfuko. Moyo ukanipiga paa.

"Hilo nalitaka," nikasema.

"Ukilitaka, kabatini yapo," baba akajibu.

Zamani baba alikuwa mnene, enzi akikata tiketi kwenye kivuko cha Kamanga. Ugonjwa ulipomkondesha, mashati yake yalibaki na ukubwa ule ule. Nikachagua lenye mistari myembamba ya kijani, la pamba, lililokwisha kulainika kwa kufuliwa. Nikalivaa limegeuzwa. Kiunoni nikafunga kilemba cha mama cha rangi ya kahawia, chini nikavaa sketi yake ya kwaya ambayo alikuwa haivai tena. Mikono ya shati ikaning'inia huko chini. Baba alicheka hadi akakohoa, kisha akaomba mkasi.

"Unalikata kweli?" mama akashangaa. "Shati zima?"

"Mimi sasa naenda nalo wapi?"

Akaikata mikono yote miwili akiwa pale pale kochini, taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni. Nikazikunja kingo zilizokatwa na kuzishona kwa sindano, maana cherehani hatuna na subira ya kumngoja fundi sijajaliwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema. Kipya chetu kilitoka kabatini kikinukia sabuni ya mche.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Blanketi jembamba la kijivu likageuka shali ya yule mama mkwe wa kwenye tamthilia, mwenye roho mbaya. Khanga mbili za mama zikawa suruali pana, naye akanuna siku nzima. Jioni, mawe ya nyuma ya nyumba yakiwa bado yana joto la mchana, nilipanda juu ya moja nikasimama, na baba akanipiga picha kwa simu kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Geuka. Angalia mbali, kama mtu aliyeachwa."

Nikaangalia mbali. Ziwa lilikuwa na rangi nisiyoijua jina, visiwa vinaonekana vimenyanyuka kidogo juu ya maji, na kwa kitambo kile niliamini kabisa kwamba kuna safari naiendea na kuna mtu ananililia. Umeme ukikatika katikati ya sehemu mpya, baba alimalizia hadithi mwenyewe, akimvalisha yule mwanamke nguo za kwetu: gauni la bibi la kanisani, mabuti ya mvua, sweta langu la shule ya msingi. Nilisinzia nikimwona anatembea kwenye theluji na sweta langu, lile lililofumuka kiwikoni, na wala hasikii baridi.

Nikienda Kirumba kununua samaki nimevaa shati lile, wasichana walinisimamisha. "Dada, hilo umenunua wapi?" Nikawajibu kwamba linaagizwa nje. Nilitembea kwa maringo hadi nikasahau kudai chenji.

Baba akafariki mvua zilipoanza.

Sisi asili yetu ni Mara, pande za ziwani, na kwetu nguo za marehemu haziachwi kabatini. Matanga yakiisha ukoo unakaa, dada mkubwa wa marehemu anazitoa zote, anazigawa, na kila anayepewa anavalishwa pale pale mbele ya watu. Wanaopewa ni ndugu wa kiume na watoto wao wa kiume. Binti hapewi, kwa sababu ataolewa na kuzipeleka nguo za ukoo kwa watu. Nilielezwa hivyo asubuhi ile ile ya kugawa, nikakasirika. Nikaingia chumbani, nikalivaa shati langu, nikakaza kilemba kiunoni, nikatoka kuketi sebuleni katikati yao. Anayelitaka aje anivue.

Shangazi yangu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Alizipanga nguo juu ya mkeka, akazikagua, kisha akanigeukia.

"Na hilo ni la kaka yangu."

"Ni langu, shangazi. Alinipa. Alilikata kwa mkono wake."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Sasa hayupo. Nguo zake haziwezi kulala mkekani halafu moja itembee. Vua, mwanangu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamtazama mama anitetee. Mama akainama. "Msikilize shangazi yako," akasema. Nikavua. Ndani nilikuwa na fulana, lakini nilijisikia uchi.

Wakaitwa mmoja mmoja. Koti la suti lilimwendea baba mdogo, likambana mabegani, naye akajinyoosha ndani yake hivyo hivyo. Suruali, mikanda, viatu vya kanisani, vyote vikapata watu. Likabaki lile la mistari ya kijani na mishono yangu iliyopinda. Shangazi akaliinua, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mkono.

"Hilo limeshaharibika," baba mdogo akasema. "Watadekia sakafu."

Nilikuwa tayari kumtukana mtu mzima.

"Halijaharibika," shangazi akasema. "Kaka yangu alilikata limtoshe mtu. Wewe binti, njoo hapa."

Nikasimama mbele yake. Akanivalisha kama alivyowavalisha wengine, vifungo vikiwa mbele safari hii, akavifunga kimoja kimoja hadi shingoni, akatamka maneno aliyowaambia wote: "Hili ni la marehemu baba yako. Amekuachia. Livae."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshinda. Msiba mzima sikuwa nimelia, hadi watu wakanong'onezana. Mpaka asubuhi ile nilikuwa na shati ambalo baba alinikatia, na baba aliyekukatia shati moja anaweza kesho kuomba mkasi akukatie jingine. Sasa nilikuwa nimelirithi. Kitu cha mtu aliye hai hakirithiwi. Nikamwangukia shangazi kifuani, nikalia kwa sauti mbele ya ukoo mzima, naye hakuninyamazisha.