Ziwa Lilipofunguliwa, Jezi Zetu Zikaondoka na Mitumbwi

Admin, ficha jina langu na la chuo. Ziwa Mweru usilifiche, maana bila hilo hakuna atakayenielewa.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, nikaoa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na hapa ndipo nitakapozikwa. Kwa hiari yangu nafundisha mpira katika chuo kidogo cha ualimu. Wachezaji wangu wazuri walihitimu wote kwa pamoja, nikabaki na watoto wa mwaka wa kwanza, wembamba, wengine hawajawahi kuvaa viatu vya mpira. Nikaiambia kamati ya timu mapema: tutafungwa kwanza, nipeni muda. Wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe vile ni vichwa vinavyotikiswa na upepo tu.

Tulifungwa kweli. Lakini mwalimu huona asichokiona mshabiki. Beki wangu wa kushoto, aliyekuwa akibutua mpira huku amefumba macho, alianza kuinua kichwa na kumtafuta mwenzake. Nahodha aliacha kuwagombeza wenzake, akaanza kuwapanga. Mwishoni mwa Novemba tukapata sare, watoto wakalia kwa furaha.

Kisha ikaja Desemba. Kwa msiojua, huku kwetu kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, ili samaki wazaliane na wadogo wakue. Kashikishi, mji wetu wa wavuvi, hujaa wanaume wenye mabega kama milango, wakicheza nsolo, bao letu la huku, kutwa kwenye vishimo vya mchangani. Mwenyekiti wa kamati yetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchuuzi wa samaki mwenye sauti kubwa kuliko akili yake. Akawatazama wale wanaume, akaona timu.

"Shemeji," akaniambia sokoni mbele ya watu, kwa Kiswahili cha Kongo cha wachuuzi wa huku, "batoto bako banatuletea haya. Niko na bavuvi, batu ba nguvu. Bape zile jezi."

"Hao si wanafunzi, na ligi ni ya vyuo."

"Tutasema banasoma jioni."

Nikamuuliza, "Ziwa limefungwa juu ya nini?"

"Juu samaki ya kidogo ipate kukomaa."

"Na batoto bangu?"

"Muzee, batoto haiko samaki!"

Soko zima likacheka. Nikawatazama: watu wanaoishi kwa kusubiri samaki akomae, wakimpigia makofi mtu asiyeweza kumsubiri beki.

Jezi wakapewa wavuvi. Watoto wangu wakawekwa nyuma ya goli kuokota mipira. Wavuvi walishinda, siwezi kukataa, kwa vifua. Mwamuzi alipomuuliza kipa anasomea nini, akajibu, "Ualimu wa samaki." Shemeji alicheka hadi akashika tumbo, na tangu siku hiyo akawa anapita sokoni akitaka kuitwa kocha.

Machi ikafika. Mtu huyu amezaliwa kando ya ziwa hili, kila mwaka ameona uvuvi ukifunguliwa, na bado akasahau kwamba uvuvi hufunguliwa! Siku ya mechi, wageni kutoka Mwansabombwe wakashuka kwenye gari, wakapasha viungo. Shemeji alikuwa amesimama mchangani akipiga simu, na wenye simu wako katikati ya maji, wanavuta nyavu wamevaa jezi zetu. Watoto wangu walikuwepo; jezi hazikuwepo. Tukapoteza mechi bila mpira kuguswa.

Sasa amekuja kwangu na gunia la jezi zinazonuka chisense, vile visamaki vyetu vidogo vya kukausha. Hakuomba radhi.

"Shemeji, rudisha batoto bamalize ligi. Desemba bavuvi bakirudi, tutaona."

"Tutaona nini?"

"Ah, weye na masomo yako! Bavuvi batarudia kuvaa jezi, njo vile. Ukikatala, tunatoa ekipe, timu yote, mu ligi."

Mke wangu anasema nikubali tu, nisigombane na kaka yake.

Nikawaita watoto. Nahodha hakuligusa gunia. "Baba Mwalimu," akasema, "tutacheza. Lakini utuambie kweli. Ziwa ikifungwa tena, tutakuwa wapi? Mu kiwanja, ao nyuma ya goli?"

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na siku ile nilitazama chini kama mwanafunzi ambaye hakusoma.

Nikikubali masharti ya shemeji, nitakuwa ninawafundisha watoto hawa mpira ili waje wauokote. Nikikataa, hawatacheza kabisa, na yule beki aliyejifunza kuinua kichwa atakiinua kutazama nini?

Mechi ni Jumamosi. Mke wangu amezifua jezi na kuzirudia, ziko kwenye kamba, bado zinanuka, na hakuna mtoto aliyekuja kuchukua yake. Ninyi mliolea watoto, na ninyi mliowahi kuwekwa nyuma ya goli, niambieni: nahodha wangu nimjibu nini?