Vigae vya Restuta

Restuta wa Nyabiyonza alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Jani kavu likidondoka kibanjani mwake, halikulala hapo. Siku alipopanda migomba juu kwenye rweya, nyika ya kulishia ng'ombe, jirani yake Rwegoshora alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Mama Edgar, hapo tangu enzi na enzi ni pa ng'ombe. Nani amewahi kulima hapo?"

Maneno yale yalimchoma, hasa migomba ilipoanza kugeuka manjano. Kwa hiyo aliposikia kwamba Pastory, mtafiti wa mambo ya kale, angekuja kutafuta vigae vya vyungu ili ajue kama mlima ule uliwahi kulimwa, Restuta alipiga vigelegele.

Lakini mgeni hapokewi na shamba chafu! Alfajiri alipanda mlimani na kikapu, akaokota kila kigae alichokiona, akaviosha na kuvipanga uani juu ya jani la mgomba.

"Shikamoo, mama." Pastory akaliona rundo, akashika kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekupunguzia kazi."

Pastory akamweleza taratibu. Wazee walibeba majivu na taka za jikoni kwenda kurutubisha shamba, na vyungu vilivyovunjika vikaenda humo humo. Vigae vikikutwa vimetawanyika huku na huku, huenda palikuwa shamba. Vikirundikana, huenda palikuwa nyumba au jalala.

"Sasa hivi vyako, mama, vilikaaje?"

Restuta alitamani ardhi ipasuke immeze. Ushahidi wake kauosha kwa mikono yake mwenyewe!

Yalibaki malisho ya Rwegoshora, mlima ule ule. Wakayapita polepole, macho chini. Pale kwato zilipochimbua udongo, kigae. Mbele kidogo, kingine. Vidogo vidogo, vimesambaa mpaka ukingoni.

"Hapa palilimwa," Pastory akasema. "Tena palilishwa vizuri."

Rwegoshora, aliyekuwa akichunga hapo, akawatazama ng'ombe wake kama watu waliomchongea. Kisha akakohoa. "Mama Edgar, kumbe udongo una njaa tu. Njoo uchukue samadi."

Migomba sasa ni ya kijani. Juzi chungu cha Restuta cha maharage kilipasuka. Alikipondaponda, akachanganya vigae vyake na majivu, akapanda mlimani na kuvimwaga migombani ovyo ovyo.

"Na ole wake," akawaambia wanawe, "atakayeokota hata kimoja!"