Sauti ya Masoudi kwenye Sehemu ya Mwisho

Nimekuwa jirani wa Nasma hapa Mbamba Bay tangu alipoachika, na nasema mapema kwamba niko upande wake. Anayetaka habari iliyopozwa akamuulize mtu mwingine.

Nasma ni fundi wa muvi. Chumbani ana kompyuta ya mezani ambayo feni yake inakoroma kama mzee mwenye mafua, na simu ameining'iniza dirishani kwenye mfuko wa wavu, maana hapo ndipo mtandao unapokamata. Anapakua tamthilia za nje, faili kubwa zinazojivuta kutwa nzima. Umeme ukikatika katikati, anaanza upya bila kusonya. Zikishashuka bado hazifai, kwa sababu televisheni nyingi za huku zinazikataa. Inabidi azibadilishe na kuzipunguza ukubwa, ndipo ziingie kwenye flashi za watu na kuonekana hadi Ngumbo na Chiwanda.

Zamani kazi hiyo aliifanya na mumewe, Masoudi, ambaye ndiye alikuwa mdomo. Alikaa mbele ya kipaza sauti akawatafsiri wote kwa Kiswahili, baba, mama, jambazi na polisi, na Nasma akaipachika sauti hiyo juu ya picha. Ufukwe wote huu unaijua. Wapo akina mama walioisikia wakasahau dagaa wa usipa jikoni wakaungua.

Kisha Nasma akashika mimba, ikaharibika ikiwa ya miezi mitano, akalazwa hospitali kule Mbinga. Akiwa kitandani, kwenye simu yake ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Masoudi, na talaka ilikuwa humo. Aliporudi alikuta mlango una kufuli jipya, na mji mzima umeshaambiwa kuwa amemkimbia mume akamfuata dereva wa lori la kahawa. Alikana, lakini nani amsikilize? Aliyemchafua alikuwa mwenye sauti inayopendwa kila nyumba. Sokoni wanawake walimpa kisogo.

Nilimuuliza kwa nini asiwasikilizishe watu ule ujumbe.

"Nipite nao mlango kwa mlango, shangazi? Kama muuza maandazi?"

Lililonichoma zaidi ni kwamba Masoudi alioa mke mwingine, lakini kubadilisha faili hakujui. Akawa anamtuma dada yake, Somoe, alete kazi kwa huyo huyo mwanamke aliyemtupa. Hana haya hata chembe. Na Nasma akaipokea. Watu walimcheka, mimi nilimfokea.

"Unamfanyia kazi mtu aliyekupaka matope?"

"Namfanyia. Ngoja, shangazi."

Mwaka huu ikaja tamthilia ndefu iliyowashika watu wote, ya tajiri na mke wake mvumilivu. Kila mtu alingojea sehemu ya mwisho, ambapo yule tajiri anakwenda hospitali kumwangukia mkewe. Somoe alileta sauti ya Masoudi kama kawaida, na Nasma akaipachika kama kawaida, mpaka pale hospitali. Pale aliitoa, akaweka ule ujumbe aliotumiwa akiwa kitandani. Akabadilisha faili, akaijaza kwenye flashi, akampa Somoe.

Masoudi hakuikagua. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, akawanakilia mmoja baada ya mwingine. Aliisambaza kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nilikwenda kuitazama kwa mama mkwe mpya wa Masoudi, na sikwenda kwa bahati mbaya. Sebule ilijaa watu. Tajiri akaingia wodini, akainama kitandani, akafungua mdomo, na Masoudi akasema:

"Nasma, nimekuacha. Usirudi kwangu, nguo zako nimezipeleka kwa kaka yako. Sikai na mwanamke anayeshindwa hata kubeba mimba. Watu wakiuliza, nitawaambia umenikimbia."

Kwenye tamthilia hiyo hakuna mtu anayeitwa Nasma. Mama mkwe alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Tunu, yule mke mpya, alikuwa mkekani na tumbo lake kubwa. Alinyanyuka polepole akaenda jikoni. Yeye nilimhurumia. Lakini furaha niliyokuwa nayo sikuificha, na sijutii.

Hadi jioni ujumbe ule ulikuwa umesikika kila penye televisheni. Kesho yake wanawake wa sokoni walianza kuja kwa Nasma na visingizio vya kuazima ungo. Tunu alibaki kwa mama yake. Muvi iliyofuata, Masoudi alipomtafsiri mume mwema, watu walicheka mpaka wakazima televisheni.

Ndipo Somoe akaja tena na flashi. Nilikuwepo.

"Wifi, kaka amerekodi msamaha. Anaomba uuweke badala ya ule ujumbe, watu wapewe upya."

Nasma akaifungua. "Nasma mpenzi wangu, nilikukosea," sauti ikasema, taratibu, na kuvuta pumzi kila baada ya neno. Ilikuwa ile ile aliyokuwa akimpa tajiri wa kwenye tamthilia. Nasma aliisikiliza yote mpaka mwisho, uso haukubadilika. Akaifuta, akachomoa flashi, akamrudishia Somoe.

"Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie huyu anayeomba msamaha simjui. Mume wangu alikuwa yule wa hospitali."